Saa Nane na Nusu, Mara Mbili

Douwe, uliponiachia funguo za kituo cha pampu
uliniachia pia daftari lenye madoa ya kahawa,
kompyuta inayokoroma kama ng'ombe mgonjwa,
na amri moja ya miaka kumi na tisa:
saa nane na nusu usiku, fungua lango,
hesabu dakika arobaini, funga.
Ukaenda zako kufuga nyuki.

Hapa Friesland bahari iko juu yetu kidogo,
kama jirani wa ghorofani.
Tumeajiri mashine zikeshe, nasi tukajifunza kulala.
Wenye ofisi mjini huuita mtiririko wa kazi.
Sisi mtiririko tunaujua: una tope, una harufu.

Usiku ule wa Oktoba saa za nchi nzima zikarudishwa nyuma.
Ilipotimu tisa, ikawa nane tena,
na mashine yako, tiifu kuliko askari,
ilipoiona nane na nusu mara ya pili
ikafungua lango mara ya pili.
Asubuhi bata walikuwa wamesimama kwenye tope
wakitazamana.
Nyumba-boti ya mama Baukje ililala ubavu,
vikombe vyake vya buluu, kumi na kimoja, vikawa vigae.
Cha kumi na mbili alinitia mkononi.
Hakusema neno. Heri angesema.

Sikukulaumu.
Nilikulaumu, mpaka saa sita mchana.
Kisha nikaifuta amri, nikaandika upya:
Tazama maji kwanza.
Yakiwa juu ya alama, yashushe hadi kwenye alama.
Yakiwa kwenye alama, kaa kimya,
na uandike kwamba umekaa kimya.
Uitwe mara moja, uitwe mara mia,
mfereji uwe uleule.
Kumbe sikuhitaji kuagiza tendo,
nilihitaji kutaja hali ninayotaka kuikuta alfajiri.

Nikanogewa. Fundi akinogewa, mfiche nyundo.
Nikazima kengele zako, mia tatu kwa siku,
zilizolia mpaka hata mbwa akazizoea,
nikabakiza mbili: moja ya kuniamsha,
moja ya kuniambia kwamba ile ya kwanza imekufa.
Nikakuta mstari: subiri dakika kumi na saba.
Pembeni umeandika: USIGUSE.
Basi. Hakuna kwa nini, hakuna kwa ajili ya nani.
Nikagusa.

Ulikuja Aprili kwa baiskeli, mvua ikikuchapa,
ukanishika mkono hadi kwenye wavu wa pampu kubwa.
Mikunga. Wachanga, wembamba kama kamba za viatu,
miili ya kioo, mamia, wamesagika.
Wametoka bahari ya mbali, ukasema, miaka njiani,
nami nilikuwa nikiwafungulia kilango kidogo
dakika kumi na saba kabla pampu haijanguruma.
Mbona hukuandika?
Ukafuta miwani, ukaivaa, ukaivua, ukaifuta tena.
Nilidhani nitakuwepo siku zote, Sjoukje.

Sasa kila mstari una sababu yake ubavuni,
kwa lugha nyepesi, isiyo na majigambo:
huu ni wa mikunga, huu ni wa vikombe vya Baukje,
huu sijui; uliza kabla ya kufuta.
Namwandikia atakayekuja,
na huenda ni mimi mwenyewe, nusu usingizini,
mjinga kuliko nilivyo leo.
Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi nazima vyote,
nazungusha lango kwa mkono, mizunguko mia na kumi na miwili,
mabega yasije yakasahau.

Jana saa zilirudi tena nyuma. Nilikesha,
kahawa ndani ya kile kikombe cha buluu.
Nane na nusu: lango likafunguka, maji yakashuka, likajifunga.
Nane na nusu: taa moja ya kijani ikapepesa,
na kwenye skrini yakajiandika maneno:
Maji yapo kwenye alama.
Sikufanya kitu.